Miwani ya Jua na Macho ya Dereva

Si mara nyingi kitu kidogo kama miwani ya jua kikawagawa walimu makundi mawili, lakini ndivyo ilivyotokea miongoni mwetu hapa Dzaleka. Upande mmoja walisimama waliosema kwamba dereva achukuaye abiria huku amevaa miwani nyeusi ana maringo, na zaidi ya maringo ana utovu wa adabu, kwani yeye awaona wenziwe nao hawamwoni. Upande wa pili walikuwapo waliosema kwamba miwani ile ni zana ya kazi kama jembe lilivyo zana ya mkulima, na hakuna amwulizaye mkulima kwa nini amebeba jembe. Ubishi ulichukua jioni tatu. Sisi tuandikao haya hatukuwa wa upande wowote tangu mwanzo, na tumeona ni vyema kuyaweka bayana tuliyoyachunguza, maana jambo lenyewe lina lugha ndani yake, lina mila, na lina roho za watu.

Tuanze na lugha. Neno miwani huwatatiza wanafunzi. Huanza na mi- kama miti na mikono, nao hudhani kwamba umoja wake ni mwani. Mwani ni mmea wa baharini, ule ulimwao Unguja na Pemba, na mtu atakayesema kwamba amevaa mwani usoni atalichekesha baraza zima. Twasema miwani hii, miwani yangu, miwani nyeusi, iwe moja au ziwe kumi. Katika darasa letu la jioni tuliwauliza wanafunzi kitu hicho huitwaje katika lugha za kwao. Wanyarwanda walisema amadarubindi, ndugu wa darubini yetu. Wasemao Kilingala walisema talatala, neno litokanalo na kitenzi cha kutazama. Wenyeji wetu wa Malawi husema magalasi. Basi mmoja amekumbuka chombo kivutacho mbali kuwa karibu, wa pili amekumbuka tendo la jicho, wa tatu amekumbuka kioo. Hakuna hata mmoja aliyetaja kuficha, ilhali kuficha ndiko kulikotugombanisha.

Kwa msomaji asiyepajua hapa petu, Dzaleka ni kambi ya wakimbizi katika wilaya ya Dowa, mwendo wa kilomita 40 na ushei kutoka Lilongwe. Kabla ya kambi kufunguliwa mwaka 1994, mahali hapa palikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa wa enzi za Kamuzu Banda, na jina lake kwa Kichewa labeba maana ya mtu aahidiye kuacha alilolitenda. Pamekusudiwa watu wapatao 10,000. Leo tumezidi 50,000, wengi wetu kutoka Kongo, Burundi na Rwanda, na Kiswahili ndicho daraja tuvukialo kwendeana. Malawi ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, mwaka 1987, ilijiwekea akiba katika haki tisa, mojawapo ikiwa kazi ya mshahara na nyingine uhuru wa kwenda popote. Mwaka 2023 serikali iliamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi na kufanya biashara mijini warudi kambini. Kwa hiyo barabara ya Lilongwe si barabara tu kwetu. Kila aipitaye huangalia uso wa dereva kabla hajapanda, ili ajue ni mtu wa namna gani, atasemaje kwenye kizuizi cha polisi, na atamshusha wapi mambo yakiharibika. Wanaolaumu miwani nyeusi hawalaumu bure. Abiria wa kawaida mjini humtazama dereva ajue kama amelewa au ana usingizi. Abiria wetu ana zaidi ya hayo ya kusoma katika macho yale.

Wahenga walisema macho hayana pazia. Walisema hivyo kumwonya mwenye kutamani kila akionacho, lakini mmoja wa walimu wenzetu, Mrundi mwenye ulimi mkali, aliligeuza neno hilo akasema: kama macho hayana pazia, huyu amelitundika kwa nini? Tulicheka, ila swali halikuondoka. Katika mila za karibu makabila yote yaliyokusanyika hapa, kumwamkia mzee huku umefunika macho ni kosa, sawa na kumpa mkono wa kushoto. Na wapo miongoni mwetu wenye kumbukumbu nzito zaidi: waliosimamishwa njiani na watu wenye bunduki na miwani nyeusi, wasiweze kujua wametazamwa wao au aliye nyuma yao. Mtu wa namna hiyo usimwambie kwamba miwani ni zana tu.

Hata hivyo ziko hoja za upande wa pili, nazo tulizipata kwa mzee mmoja aliyekuwa dereva tangu ujana wake. Alianza kwa kuendesha lori kati ya Uvira na Bukavu, akipita bonde la Ruzizi ambako jua huchoma na vumbi halilali, kisha kupanda milima ya Ngomo ambako kosa moja la jicho ni mauti. Hapa Malawi aliwahi kupata kibarua cha siku kwa siku, akichukua bidhaa na watu kwa gari la mfanyabiashara mmoja wa Lilongwe. Jicho lake la kushoto lilikwisha kuota nyama nyembamba kwenye weupe, itambaayo kuelekea mboni. Waganga wa macho wanaujua ugonjwa huo, nao wasema kwamba jua, upepo na vumbi vya miaka mingi ndivyo viuleteavyo. Alivaa miwani ya jua kwa sababu hiyo. Mwenye gari alimwambia kwamba abiria wananung'unika: ama avue, ama arudishe ufunguo. Alivua. Msimu mzima wa kiangazi aliendesha huku jicho likichuruzika machozi, akilipangusa kwa leso kwa mkono mmoja na kushika usukani kwa mkono wa pili. Abiria walimwona macho sasa, tena mekundu, na wengine wakasema kwamba amelewa.

Kwa nini jicho la kushoto? Mzee mwenyewe alitueleza, nasi tukachora ramani ubaoni kuhakikisha. Atokaye Dzaleka asubuhi huifikia barabara kuu kisha hushika kusini, kupitia Lumbadzi na Kanengo hadi Lilongwe. Jua la asubuhi liko mashariki, yaani kushoto kwake. Arudipo jioni huelekea kaskazini, na jua limehamia magharibi, yaani kushoto kwake tena. Dereva wa Malawi huketi upande wa kulia wa gari, basi mwanga humjia kwa kukatiza kiti cha abiria, chini ya kile kibao cha kuzuia jua ambacho hufaa kwa jua la mbele tu. Mwezi wa Juni, jua lichweapo yapata saa kumi na moja na nusu, huzama upande wa kaskazini-magharibi, likasogea zaidi mbele ya uso wake. Na nchi hii ya juu, mita zaidi ya 1,000 kutoka usawa wa bahari, ina miale mikali kuliko pwani, kwa kuwa hewa ya kuichuja imepungua. Mtu apitaye njia hiyo mara moja kwa mwezi hatambui lolote. Aipitaye kila siku huandikwa jichoni.

Hapo ndipo tulipoona kwamba kundi la pili nalo lilikuwa limerahisisha mambo, maana zana ina namna yake ya kutumika. Miwani ya jua hupangwa katika daraja tano, tangu 0 hadi 4, kwa kadiri ya mwanga ipitishao. Ya daraja la 2 hupitisha kati ya asilimia 18 na 43, ya daraja la 3 kati ya asilimia 8 na 18, na hizo humfaa dereva mchana. Ya daraja la 4 hupitisha asilimia 3 hadi 8 tu. Hiyo ni ya milima ya theluji, na imekatazwa kuendeshea gari. Wachuuzi wapitao kati ya minibasi mjini Lilongwe hawauzi kwa daraja. Huuza kwa weusi, na kijana huchagua iliyo nyeusi kupita zote kwa kuwa ndiyo impendezayo. Kile kibandiko cha namba 400 kilichogandishwa kwenye kioo hudai kwamba miale ya hatari imezuiwa, lakini kibandiko ni karatasi, na karatasi haizuii kitu. Mwenye kipimo aweza kuthibitisha, mchuuzi hawezi. Rangi nayo ni jambo: kijivu na kahawia humwachia dereva taa nyekundu ikiwa nyekundu na ya kijani ikiwa ya kijani.

Iko miwani nyingine ichujayo mwako utokao kwenye lami iliyolowa, kutokana na uvumbuzi wa Mmarekani Edwin Land wa mwaka 1929. Mwanga urudio kutoka kwenye kitu bapa hutikisika zaidi kwa ulalo, na kioo hicho huuzuia huo wa ulalo na kuupitisha mwingine. Wakati wa masika, mvua inapokatika na jua likatoka ghafla, mwenye miwani hiyo huyaona mashimo ya barabarani ambayo mwenziwe huona kama kioo kitupu. Ile ijigeuzayo rangi juani ni hasara kwa dereva, kwa maana kioo cha mbele cha gari huzuia sehemu kubwa ya miale iifanyayo kugeuka. Na ile ya manjano iuzwayo kwa ajili ya usiku haisaidii; utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2019 ulionyesha kwamba haikuwawezesha madereva kumwona vyema zaidi mwenda kwa miguu.

Lakini hatari kuu, kwa maoni yetu, ni ile saa ya magharibi. Dereva aliyevaa miwani tangu mchana huisahau. Jua limekwisha kuzama, naye bado yumo katika giza lake la kununua. Saa hiyohiyo ndiyo waendesha kabaza, yaani baiskeli za abiria, wanaporudi makwao kwa wingi, wengi bila taa, amepakia mama na mtoto nyuma. Wale waliobishana nasi juu ya adabu hawakulitaja hili hata kidogo, na sisi twaliona zito kuliko maamkizi yote.

Kuhusu maamkizi, mzee alikuwa na dawa yake. Baada ya msimu ule wa machozi alinunua miwani ya rangi ya kahawia isiyokolea, ambayo macho yaonekana nyuma yake kwa aliye karibu. Abiria alipopanda aliivua, akaamkia, akauliza hali za nyumbani, kisha ndipo akaivaa na kutia moto gari. Kwenye kizuizi cha polisi aliivua kabla gari halijasimama. Manung'uniko yalikwisha, na mwenye gari hakusema tena neno hadi kazi yenyewe ilipokoma mwaka 2023, yeye na wengine wengi waliporejea kambini.

Sasa hutengeneza baiskeli karibu na soko, na vijana wanaojifunza udereva humwendea kwa maswali. Hawajibu kwa maneno. Huwaketisha wawiliwawili kando ya barabara saa ya magharibi, mmoja kavaa miwani nyeusi aliyoinunua kwa mchuuzi na mwingine macho wazi, akawaambia wahesabu kabaza zipitazo, kila mtu kimoyomoyo. Jioni tuliyokuwapo, aliye macho wazi alihesabu nane. Mwenye miwani alihesabu tano, akaapa kwamba hazikuzidi.