Tafakari ya Juma: Skrini Imeandika Nini?



Juma hili tunaomba ruhusa yenu ya kuzungumza juu ya jambo lisilozoeleka katika ukurasa huu, yaani kompyuta za chumba chetu cha vijana hapa Bariadi, ambazo kwa siku nne ziligoma kuwaka. Tunalieleza kwa sababu mbili. Kwanza, wengi wenu mlizichangia, na mnastahili kujua yaliyotokea. Pili, katika siku hizo nne tulimkosea mtu mbele ya watu, na kosa lililotendwa hadharani halifai kutubiwa mafichoni.

Tuanze na chumba chenyewe. Kompyuta zake ni 14, zilizokwisha kutumika kwingine, zikaletwa kwa lori kutoka Mwanza kwa njia ya Lamadi. Hazina diski ndani yake, na hilo ni kwa makusudi. Mkazi wa Simiyu hahitaji kuelezwa vumbi la kiangazi wakati pamba inavunwa, wala umeme unaokatika bila taarifa. Diski za zamani zina sahani zinazozunguka, na umeme ukikatika zikiwa kazini huweza kuharibika pamoja na yote yaliyomo. Kwa hiyo tuliweka diski mahali pamoja tu, katika kompyuta kubwa iitwayo seva, tukaipatia betri ya akiba, na mashine nyingine zote tukaziacha zipokee mfumo wa Linux kutoka kwake kupitia waya wa mtandao. Kazi hiyo hufanywa na programu huria iitwayo LTSP, mradi ulioanzishwa na Mmarekani Jim McQuillan mwaka 1999 na kuandikwa upya mwaka 2019. Haiuzwi. Faida yake ni kwamba ukiihudumia seva moja, umezihudumia mashine zote.

Sasa tazameni jinsi mashine isiyo na diski inavyoamka. Ikibonyezwa kitufe, haina kumbukumbu yoyote ya jana. Haijui anwani yake wala iliko seva. Kitu pekee inachokijua ni namba iliyochapwa katika kadi yake ya mtandao tangu kiwandani. Basi kwa utaratibu uitwao PXE, ambao kampuni ya Intel iliuandikia maelezo rasmi katika miaka ya 1990, mashine hupiga hodi katika mtandao mzima: mimi ni namba fulani, nani atanipa anwani? Seva huitika, ikaipa anwani, ikaitajia faili la kuanzia na mahali lilipo. Mashine hulifuata faili hilo, kisha huletewa kiini cha Linux, na mwisho huunganishwa na folda kuu iliyoko ndani ya seva. Ni hatua nne zinazofuatana: waya, anwani, faili, folda. Hatua moja ikikwama, zinazofuata hazipo.

Siku ya Ijumaa, vijana waliomaliza kidato cha sita walituomba intaneti ili watume maombi ya vyuo. Tukanunua ruta ndogo ya laini ya simu, tukaichomeka katika swichi ileile inayounganisha mashine zote, tukaridhika kwamba tumewafanyia wema. Jumamosi kijana mmoja anayetunza ufunguo wa chumba alifagia, akapangusa meza, akazisogeza ili apige deki. Jumapili chumba kilifungwa. Jumatatu asubuhi, kati ya mashine 14, ziliwaka 5 tu.

Je, tulifanya nini? Tulimtafuta mtu. Kijana ndiye aliyekuwa wa mwisho kuingia, ndiye aliyesogeza meza, na maji ya deki yalikuwa yake. Tulimwuliza maswali mbele ya wenzake, kwa sauti ambayo haikuwa ya kuuliza. Alijibu mara moja tu, “Baba, sikuzigusa,” kisha akanyamaza. Tukauona ukimya wake kuwa ushahidi. Tukamnyang'anya ufunguo. Kufikia jioni habari ilikuwa imeshafika sokoni, anakouza mama yake, kwamba kijana wake ameharibu kompyuta za kanisa.

Na tangu Jumatatu hiyohiyo ushahidi wa kumwondolea lawama ulikuwa mbele ya macho yetu. Tulipozizima mashine na kuziwasha tena, ziliwaka 6, na wala si zilezile. Moja iliyokataa asubuhi ilikubali mchana, na iliyokubali asubuhi ikakataa. Kadi iliyoingia maji haiponi mchana. Waya uliokatwa haujiungi wenyewe. Tuliliona hilo, tukalipuuza, kwa kuwa tulikuwa tumeshapata jibu tulilolitaka.

Jumanne tulinunua nyaya mpya. Hazikusaidia. Jumatano tulikaribia kufuta seva yote na kuisimika upya, jambo ambalo lingeteketeza kazi za vijana za muda mrefu. Ilikuwa Alhamisi tulipompigia simu mwalimu mmoja aliyeko Mwanza, mzoefu wa mambo haya. Tulimweleza kwa kirefu habari za meza, maji na kijana. Alitusikiliza hadi mwisho kwa heshima, kisha akauliza, “Padre, skrini imeandika nini?”

Tukamjibu kwamba imeandika Kiingereza kingi kisha ikasimama.

“Naomba Padre uisome, herufi kwa herufi.”

Wapendwa, kwa siku nne mashine ilikuwa ikitueleza shida yake kwa maandishi, na hatukuwa tumeisoma. Mstari wa mwisho ulianza na alama PXE-E53, ukisema kwamba hakuna jina la faili la kuwashia lililopokelewa. Mwalimu akatufafanulia. Kama waya ungekuwa na hitilafu, ingeandikwa PXE-E61. Kama hakuna aliyeitikia hodi, ingekuwa PXE-E51. Kama faili lingetajwa lakini mashine ikalisubiri bila kuletewa, ingekuwa PXE-E32. Lakini E53 ina maana kwamba mashine ilipiga hodi, ikaitikiwa, ikapewa anwani, ila aliyeitikia hakuitajia faili. “Padre,” akasema, “katika mtandao wenu kuna mwingine anayeitikia hodi. Mmeongeza nini karibuni?”

Tulinyamaza kama alivyonyamaza kijana.

Ili kuhakikisha, alituelekeza tuchomeke kompyuta ya mkononi katika swichi na kutazama anwani itakayopewa. Seva yetu hugawa anwani zinazoanza na 192.168.67. Iliyokuja ilianza na 192.168.1. Hiyo ni anwani ya ruta. Ruta nayo huitikia hodi ya kila mgeni, maana ndiyo kazi iliyotengenezewa, lakini haina habari yoyote ya faili la Linux. Kila mashine ilipoamka iliitikiwa na sauti mbili, na kadi zetu hizi za zamani zilishika sauti iliyotangulia kufika. Seva ikiwahi, mashine iliwaka. Ruta ikiwahi, mashine ilisimama. Ndiyo maana hesabu ilibadilika kila tulipojaribu. Tulichomoa waya wa ruta, tukaziwasha zote tena. Ziliwaka 13. Ile moja iliyosalia iliandika PXE-E61, na safari hii tulisoma: waya wake ulikuwa umelegea, nasi wenyewe ndio tuliouchomeka vibaya siku ya Jumanne.

Mwalimu alitupa njia mbili za kuishi na ruta bila ugomvi. Ya kwanza ni kugawana kazi: ruta itoe anwani, na seva itaje faili tu bila kugawa anwani, jambo ambalo programu iitwayo dnsmasq huliweza. Ya pili ni kuipa seva kadi mbili za mtandao, moja ikielekea kwenye ruta na nyingine kwenye swichi ya mashine, ili hodi ya mashine isifike kabisa kwa ruta, na intaneti ipite ndani ya seva. Tulichagua ya pili, kwa sababu nyepesi kueleweka. Ruta yetu huzimwa salio linapokwisha, na kama ndiyo mtoaji wa anwani, siku hiyo mashine zote 14 zingekosa pa kuanzia. Kadi ya pili tuliing'oa katika mashine mbovu iliyokuwa stoo. Haikutugharimu kitu.

Kilichogharimu ni kingine. Ijumaa jioni tulikwenda nyumbani kwa kijana. Tulimkuta mama yake uani akichambua pamba, nyeupe upande huu na yenye uchafu upande ule, kama ifanywavyo kabla ya kuipeleka kwenye mizani. Alitukaribisha kwa ukarimu ambao hatukuustahili. Tukasema yote bila kupunguza: ruta ni yetu, haraka ni yetu, na mtoto wake hakuwa na kosa. Hakuiacha kazi yake. Alisema tu, “Baba, mngemwuliza kwanza, yeye ndiye anayezijua.” Na kweli. Kijana alipotoka ndani na kutuamkia, tulimwuliza kama angeweza kututambulia shida ile. Akajibu kwamba Jumatatu alikuwa ameshaisoma skrini, na alitaka kutuuliza ile ruta ni ya nini, lakini hakupata nafasi.

Neno hilo hatujaweza kulitoa moyoni. Samweli naye alipoitwa usiku alikimbilia kwa Eli, akidhani ndiye aliyeita. Hakuwa na hatia yoyote, maana alikuwa mtoto na hakuwa ameizoea ile sauti. Mashine zetu pia hazikuwa na hatia zilipoishika sauti iliyotangulia, maana huamka bila kumbukumbu. Sisi tuna kumbukumbu, tuna macho na tumesoma, na bado tuliishika sauti ya kwanza iliyotufikia, ile iliyosema kwamba aliyekuwa wa mwisho kuingia ndiye mwenye kosa. Sauti hiyo hutangulia daima kwa sababu haihitaji kusoma chochote.

Jumapili iliyofuata, baada ya matangazo, tulisimama mbele ya waamini na kusema haya mnayoyasoma, kwa maana yalikuwa yameshasemwa sokoni kwa namna nyingine. Kijana amerudishiwa ufunguo. Ukutani, karibu na seva, amebandika karatasi ya manila yenye mwandiko wake mwenyewe, na mwenye kukutana na shida kama yetu anaweza kuinakili: tazama taa ya kadi na ya swichi, soma skrini, uliza nani ametoa anwani, tazama kama faili limefika, tazama kama folda ya seva imefunguliwa, kumbuka kilichoongezwa karibuni. Juu kabisa, kwa wino mwekundu, ameandika mstari ambao hatukumwagiza: usibadilishe kitu kabla hujasoma.

Maombi ya vyuo yalitumwa yote kabla ya siku ya mwisho. La kijana huyo lilikuwa mojawapo.