Mtoto kavimba taya, tumlaumu nani?

Jamani, mtoto akivimba taya huku pwani, iwe Bagamoyo mjini au Ubena Zomozi, mmoja atasema jino, mwingine atasema karogwa. Leo naongeza la tatu: saratani ya Burkitt.

Daktari Denis Burkitt aliikuta Mulago, Kampala, mwaka 1957. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili wakazunguka na gari kuukuu, kilomita 16,000 hivi, wakiuliza hospitali moja baada ya nyingine. Wakaona ugonjwa unafuata joto, mvua na malaria. Mwaka 1964, London, Epstein, Achong na Barr wakakiona kirusi ndani ya seli za uvimbe huo.

Sasa, kirusi hicho watu wazima karibu wote tunacho. Mbona wanaougua ni wachache? Watafiti wakageukia jeni zake. Kina aina mbili kuu, na ya pili huonekana zaidi Afrika. Halafu jeni iitwayo LMP1 ikakutwa imepungua kipande katika saratani kadhaa. Wakadhani mwizi kapatikana! Kuwapima majirani wasioumwa, nao wanayo ile ile.

Kwa hiyo jeni peke yake haitoshi. Malaria ya mara kwa mara hudhoofisha kinga inayokizuia kirusi, na chandarua unacho mkononi.

Uvimbe huu hukua kwa siku, si miezi, ila unasikia dawa ukiwahiwa. Pengine ni jino kweli. Lakini apimwe kwanza, asing'olewe tu. Au nyie mnasemaje?