Mkopo na ufadhili si kitu kimoja

Wiki hii tuache kidogo mambo ya hifadhidata. Kila mwaka KUCCPS wakishatangaza nani ameitwa chuo gani, simu yangu hulia kuliko siku seva imeanguka. Ukisomea kompyuta, ukoo mzima hukufanya karani wa fomu za mtandaoni. Sina neno, najaza. Lakini ile niliyojaza 2024 ya binamu yangu, binti ya mjomba, ndiyo imenifanya niandike haya kwa ajili ya wanaoingia mwaka wa kwanza na wazazi wao.

Historia fupi kwanza. Mimi niliingia chuo kikuu 2016. Enzi hizo serikali ilipeleka pesa zake chuoni moja kwa moja, na mwanafunzi aliyeitwa na serikali alidaiwa karo ya masomo ya shilingi 16,000 kwa mwaka, mbali na malazi na vijipesa vingine vya chuo. HELB, iliyoanzishwa 1995, ilitoa mkopo, na wachache wakapata basari ndogo juu yake. Mimi nilipata mkopo wa 40,000 kwa mwaka. Hesabu ya kidole.

Mfumo uliotangazwa Mei 2023 ni mwingine kabisa. Gharama yote ya kozi inawekwa wazi, halafu inakatwa vipande vitatu: ufadhili wa serikali ambao haurudishwi, mkopo wa HELB ambao unarudishwa, na sehemu ya familia. Ukubwa wa kila kipande unategemea bendi uliyowekwa, na bendi inatokana na majibu yako kwenye fomu: hali ya wazazi, kipato cha nyumbani, ndugu wangapi wako shuleni, ulisoma shule gani. Kwa wanafunzi wa 2024 bendi zilikuwa tano. Bendi ya 1 ilipata ufadhili wa asilimia 70, mkopo 25, familia 5. Bendi ya 5 ufadhili 30, mkopo 30, familia 40.

Mjomba ni mwalimu. Kwenye karatasi ya mshahara anaonekana mtu mwenye uwezo, ila ukiteremka chini kwenye makato utakuta mkopo wa sacco aliojengea nyumba, na ana wengine wawili sekondari. Tulipofika kwenye swali la kipato akaniambia, "Andika kile kinachobaki, mwanangu. Hicho kingine mimi hata sikioni." Nikamwambia hapana, anko, hii ni fomu ya pesa za serikali na kudanganya humo ni kosa la jinai. Tukaandika ukweli wote, pamoja na wale watoto wawili na karo yao. Alininunia mpaka chai ikapoa. Nadhani hajawahi kumtajia mtu mshahara wake, na hapo alikuwa ameketi kati ya binti yake na mpwa wake.

Wakampa bendi ya 4: ufadhili 40, mkopo 30, familia 30. Juu yake mkopo wa kujikimu wa 45,000 kwa mwaka.

Hapa ndipo nataka msome polepole. Tuchukue kozi ya 200,000 kwa mwaka, namba ya kuhesabia tu. Ufadhili ni 80,000, mkopo wa karo 60,000, wa kujikimu 45,000. Ukijumlisha unapata 185,000, na nyumbani watu wanapiga vigelegele kwamba mtoto amepewa 185,000. Mtu wa hifadhidata angekataa kabisa kuweka vitu hivi kwenye safu moja. Kilichotolewa bure ni 80,000. Zile 105,000 ni deni, na kwa miaka minne ni 420,000 kabla ya riba ya asilimia 4 kwa mwaka. Mimi nilitoka na 160,000 kabla ya riba, na kuzimaliza kulinichukua miaka kadhaa ya makato kila mwisho wa mwezi. Halafu bado kuna 60,000 za familia ambazo hazitoki popote isipokuwa mfukoni mwa mjomba.

Binamu yangu alipoona jumla hiyo akataka kuacha mkopo wa kujikimu. "Kaka, nitabana matumizi." Utabana nini na chumba cha kupanga kinataka kodi kila mwezi? Tulikaa na kalamu tukaandika kodi, chakula, nauli, na ile laptopu ambayo kozi yetu haikwepi. Aliuchukua. Mkopo wa karo huenda chuoni moja kwa moja, ule wa kujikimu ndio humfikia mwanafunzi, na huja kwa muhula, si kwa mwezi. Wengi huumia wiki ya nane.

Fomu ilitaka wadhamini pia. Mmoja ni mimi. Nilisaini nikijua kwamba marejesho huanza mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo, uwe umepata kazi au hujapata, na kwa namna ajira za vijana zilivyo hilo linaninyima usingizi kidogo.

Mjue pia kwamba mambo haya hayatulii. Desemba 2024 Mahakama Kuu ilisema mfumo huu unakiuka katiba, kisha 2025 Mahakama ya Rufaa ikasimamisha hukumu hiyo wakati rufaa ikisubiriwa. Mwaka huohuo 2025 serikali ikatangaza kupunguza karo. Kwa hiyo asilimia za binamu yangu msizichukue kama zenu. Chukueni barua yenu, chora mistari mitatu, kila pesa iwekwe mahali pake, na mzazi awepo mezani.

Namba zikikataa kujumlika, niandikieni hapo chini kwenye maoni. Namba ya kitambulisho msiweke, tafadhali. Wiki ijayo tunarudi kwenye hifadhidata.