Gobore, Mkuki na Msumeno wa Sheria

Wahenga walinena kwamba sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Kauli hii hutajwa sana mahakamani na barazani, na aghalabu hupokelewa bila kuhojiwa. Hata hivyo, historia ya silaha na uwindaji katika nchi ya Wakisii, yaani kaunti za leo za Kisii na Nyamira, inampa msomaji sababu ya kuihoji.

Mwanafunzi wa Kiswahili aliyelelewa Manga au Borabu hukutana na neno gobore katika kamusi, wala si katika nyumba ya babu yake. Gobore ni bunduki ya kushindilia. Baruti humiminwa kwenye mdomo wa kasiba, risasi au marisaa hufuata, kisha vyote hushindiliwa kwa mdeki. Magobore ya kale yaliwashwa kwa cheche za jiwe la gumegume. Yaliyofuata yakatumia fataki. Nchini Tanzania neno hili bado husikika mahakamani na kusomwa magazetini. Kwa Wakisii, silaha za jadi zilikuwa mkuki, upinde na mshale. Babu aliujua uzito wa mkuki. Mjukuu anaijua tahajia ya gobore. Baina yao zimepita sheria nyingi ambazo hakuna hata mmoja wao aliyesomewa.

Sheria ya kale miongoni mwa hizo iliandikwa mbali. Mnamo mwaka 1890 mataifa makubwa yalitia saini Mkataba wa Brussels. Lengo lake lililotangazwa lilikuwa kukomesha biashara ya watumwa, lakini mkataba huo ulizuia pia uingizaji wa bunduki za kisasa katika sehemu kubwa ya Afrika, kuanzia latitudo ya 20 kaskazini hadi ya 22 kusini. Gobore la gumegume, lenye kasiba laini isiyo na michirizi ndani, liliruhusiwa kuuzwa kwa masharti. Sababu haihitaji ufafanuzi mrefu: gobore ni dhaifu. Hupiga mara moja, kisha mwenyewe husimama akishindilia upya. Mvua ikinyesha, baruti hulowa. Bunduki ya kisasa ikabaki mikononi mwa Mzungu na askari wake.

Matokeo ya mpango huo yalidhihirika Kisii baada ya miaka michache. Mwaka 1905 wapiganaji wenye mikuki walikabiliwa na bunduki ya rashasha aina ya Maxim. Mwaka 1908 Otenyo, akichochewa na nabii Moraa, alimchoma mkuki ofisa mtawala aliyeitwa Northcote. Northcote alipona, lakini jeshi la King's African Rifles lilitumwa kuwaadhibu Wakisii, na mauaji yakawa makubwa kiasi kwamba Winston Churchill, aliyekuwa akitumikia Wizara ya Makoloni, alilalamika kwa simu ya maandishi. Hapo msumeno ulikuwa umekata upande mmoja tu.

Ni vyema kulinganisha hali hii na ya kwingineko. Katika majimbo kadhaa ya Marekani, gobore limetengewa msimu wake maalumu wa kuwinda kulungu. Jimbo la Pennsylvania lilianzisha msimu wa gobore la gumegume mwaka 1974. Huko udhaifu wa silaha ndio fadhila yake: mwindaji ana risasi moja tu, hivyo hulazimika kunyemelea, kusubiri na kulenga kwa makini, naye mnyama hupata nafasi ya kuponyoka. Sifa ni ile ile, lakini nia ya mtunga sheria ni tofauti. Pennsylvania udhaifu wa gobore unamkinga kulungu. Afrika ya 1890 ulimkinga mtawala. Basi atakaye kuielewa sheria ya silaha asiishie kuuliza inakataza nini. Aulize pia inamlinda nani.

Swali hilo hilo linafaa kuulizwa juu ya sheria za wanyamapori. Wakati wa ukoloni, aliyewinda kwa bunduki na leseni aliitwa mwanaspoti, ilhali Mwafrika aliyenasa swara kwa mtego bila ruhusa aliitwa jangili. Leseni ya mwindaji mgeni iligharimu paundi 50. Mwaka 1909 aliyekuwa Rais wa Marekani, Theodore Roosevelt, aliwasili Mombasa, na katika safari yake yeye na mwanawe Kermit waliua wanyama 512. Yule aliyetafuta kitoweo cha siku moja alipelekwa kizuizini.

Kwa haki ni lazima ikubaliwe kuwa mambo yalibadilika. Mwezi Mei 1977 serikali ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa wanyama. Tajiri mwenye bunduki ya thamani na maskini mwenye upinde wakakatazwa pamoja. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 iliendeleza katazo hilo: haimruhusu anayewinda kwa starehe, wala anayewinda kwa ajili ya chakula. Huu ulikuwa msumeno wa kweli, na hakuna haja ya kuulaani. Katika vilima vya Kisii na Nyamira, ambako chai, ndizi na mahindi vimejaza kila kipande cha ardhi, kichaka cha kumficha swara ni haba. Kurejesha uwindaji kungekuwa kummaliza aliyesalia.

Lakini liko jambo moja ambalo halijabadilika tangu Brussels. Katiba ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, ilhali sheria ya 2013 iliandikwa kwa Kiingereza. Mkulima wa Nyamira anayetega waya pembezoni mwa shamba lake anaweza kuisikia sheria hiyo kwa mara ya kwanza akiwa kizimbani, kupitia kinywa cha mkalimani, wakati ambapo kuijua hakumsaidii tena. Kutojua sheria si kinga, husema mahakimu. Je, ni haki kumdai mtu ajue kile ambacho hakikuandikwa kwa lugha anayoisoma?

Kazi hii ni ya wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili kabla haijawa ya mawakili. Msamiati upo: kasiba, mdeki, gumegume, fataki, mtego, jangili. Kilichopungua ni watu wa kuutumia kuandika sheria kwa lugha nyepesi inayoweza kubandikwa sokoni Keroka na katika ofisi ya chifu, ili mwenye mtego aisome kabla hajautega.