Komoni, Kangara, Ulanzi na Lile Gunia la Ukungu

Leo tuzungumzie pombe. Wa kanisani msikimbie, tutaishia ghalani.

Kati ya Makambako na Njombe, cha kwetu hasa ni ulanzi. Wakati wa mvua mwanzi mchanga hukatwa ncha, maji yake yakadondokea kwenye mbeta, bila jiko wala hamira. Wa asubuhi ni mtogwa, mtamu, hata asiyekunywa huuonja. Ukilala siku moja mbili unakuwa mkangafu, na huo hauonjwi, unanywewa. Kangara ni pumba za mahindi na asali, siku hizi sukari zaidi. Komoni ni unga wa mahindi na kimea cha ulezi. Ni nzito, mnywaji huapa kwamba ameshakula mchana. Kimea hichohicho Wachaga huchanganya na ndizi wakapata mbege. Waingereza wana cha shayiri kwa bia yao iitwayo ale.

Nilipoanza kazi, mkulima akinionyesha gunia lililoota ukungu nilimwambia, "Usile, wauzie wapika pombe." Nilijiona nimemwokolea hasara. Siku moja kilabuni mama mpika komoni akaniuliza, "Bwana shamba, mahindi unayowakataza wenzetu kula, sisi tunayanywa kwa nini?" Nilikosa jibu. Kikombe kilikuwa mkononi.

Sumukuvu haiishi kwa kuchemsha. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Kukoboa huipunguza kwenye unga, lakini nyingi hubaki kwenye pumba, na kangara tumeshasema inapikwa na nini. Ng'ombe naye usimpe, sumu hutokea kwenye maziwa.

Kwa baridi yetu hii mahindi hukauka polepole, kwa hiyo anika juu ya turubai, si udongoni, na chambua magunzi yaliyooza kabla ya kupukuchua. Kupima ukavu, tia mahindi na chumvi kavu kwenye chupa kavu, tikisa, acha dakika chache. Chumvi ikiganda ukutani mwa chupa, rudisha juani. Magunia yakae juu ya chaga.

Na wewe mfanyabiashara, ukiletewa debe kwa bei ya kutupa, mwaga kidogo kwenye ungo kwanza. Mama yule hufanya hivyo siku hizi mbele ya muuzaji. Mimi nami namwuliza mahindi yametoka wapi kabla ya kunyoosha kikombe.