Akikosea Forodhani, Nani Alipe?

Zipo kazi ambazo jamaa wa mfanyakazi huzishangilia kwa sababu ya mshahara, na zipo nyingine ambazo huzishangilia kwa sababu ya mlango zinaoulinda. Kazi ya ofisa wa forodha ni ya aina hii ya pili. Kijana akiajiriwa kuwa mwalimu, watu humwombea heri na kwenda zao. Akiajiriwa forodhani, hesabu huanza siku hiyo hiyo: nani anatarajia kuleta jokofu, nani ana vitenge vinavyotoka ng'ambo ya mpaka, nani ana rafiki mwenye gari lililokwama bandarini.

Nayajua haya kwa kuwa mdogo wangu wa kiume ni ofisa wa forodha. Alipopata barua ya kupangiwa kituo cha mpakani, jamaa walikusanyika nyumbani kwa wazazi wetu ili kumuaga. Baba mdogo alitamka kwa furaha kwamba sasa ukoo umepata mtu. Shangazi alimkumbusha karo alizomlipia alipokuwa shuleni. Mama alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akauliza swali lililotuliza baraza zima: "Huyu akikamata mali ya watu, halafu mahakama ikasema hapakuwa na haki, nani atalipa? Serikali, au mwanangu?"

Macho yote yalinigeukia mimi, kana kwamba kila mwandishi wa habari ni wakili wa nyumbani kwao. Niliomba nipewe muda nikasome. Haya ndiyo niliyoyapata, nami nayatoa hadharani kwa kuwa naamini wapo akina mama wengi wenye swali kama hilo.

Swali hilo lina umri mkubwa. Katika Zanzibar ya karne ya 19, enzi za Seyyid Said, lisingeeleweka kabisa. Wakati huo forodha ilikodishwa. Mfanyabiashara tajiri, na aliyevuma kuliko wote alikuwa Jairam Shivji, alimlipa Sultani kiasi kilichopatanwa kwa mwaka, kisha yeye akatoza ushuru kwa watu wake mwenyewe. Kilichozidi kikawa faida yake. Mtozaji wa namna hiyo hakuwa mtumishi wa umma aliyekabidhiwa madaraka. Alikuwa ameyanunua madaraka hayo, na mtu hutumia alichokinunua kwa kadiri ya tamaa yake. Jina la Forodhani, pale ufukweni mwa Mji Mkongwe, limebaki hadi leo. Utaratibu ule umekwisha, na ni vema umekwisha.

Ng'ambo ya bahari, huko Marekani, watu walijaribu njia nyingine. Mwaka 1836 Mahakama Kuu Kabisa ya nchi hiyo iliamua kesi ya mfanyabiashara aliyeitwa Elliott dhidi ya Samuel Swartwout, mkuu wa forodha katika bandari ya New York. Ugomvi wao ulihusu kiwango cha ushuru uliotozwa juu ya shali. Mahakama ilisema hivi: ikiwa mlipaji alipinga waziwazi wakati wa kulipa na kumwarifu ofisa kwamba atamshitaki, basi ofisa anawajibika yeye binafsi kuurudisha ushuru uliotozwa kinyume cha sheria, hata kama ameshaupeleka hazina. Lakini aliyelipa kimya kimya, kwa hiari yake, hana madai juu ya ofisa huyo.

Msomaji anaweza kudhani kuwa huo ulikuwa ushindi mtupu wa wananchi. Haukuwa hivyo. Maofisa walipoona kwamba mifuko yao wenyewe imo hatarini, walipata sababu ya kuzuia fedha za umma mikononi mwao, wakisema kuwa ni akiba ya kujilinda na kesi. Swartwout mwenyewe alimaliza kipindi chake mwaka 1838, akaondoka kwenda Ulaya, na wachunguzi walipofungua vitabu walikuta upungufu uliozidi dola milioni moja. Mwaka 1839 Bunge la Marekani likaamuru fedha zote za ushuru ziingie hazina moja kwa moja. Mwaka 1845 mahakama ile ile ikatamka kwamba kwa amri hiyo haki ya kumshitaki ofisa imeondoka, na wiki chache baadaye Bunge likalazimika kuirudisha.

Nimeieleza habari hiyo kwa urefu kwa kuwa inaonyesha ugumu wa jambo lenyewe. Ukimtwisha ofisa kila kosa, atafanya kazi kwa woga, au atatafuta pa kujificha na fedha zetu. Ukimwondolea dhima yote, umemrudisha kwenye enzi ya kununua madaraka, na safari hii bila hata kuyalipia.

Sheria yetu imesimama wapi basi? Tangu mwaka 2005 nchi za Afrika Mashariki zinafuata Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya, iliyotungwa mwaka 2004. Sheria hiyo inampa ofisa wa forodha, anapokuwa kazini, uwezo, haki na kinga za askari polisi. Anaweza kusimamisha gari, kupekua mizigo, kumpekua mtu, kukamata mali na hata kumkamata mtuhumiwa. Huo ni uwezo mkubwa kwa kijana aliyetoka chuoni juzi.

Lakini kila uwezo umefungiwa kamba. Ili kumpekua mtu, ofisa awe na sababu ya kuridhisha ya kuamini kwamba mtu huyo ana mali isiyolipiwa ushuru. Mwanamke hapekuliwi na mtu mwingine ila mwanamke mwenziwe. Anayetakiwa kupekuliwa anaweza kudai apelekwe kwanza mbele ya hakimu, Kamishna au ofisa wa ngazi ya juu aliye karibu. Huyo naye asipoona sababu, atamwachia. Mali ikikamatwa pasipo mwenyewe kuwapo, apewe taarifa ya maandishi, yenye sababu, ndani ya mwezi mmoja. Mwenye mali naye anao mwezi mmoja wa kuidai. Akilala, mali inahesabiwa kuwa imepotea kwake.

Asiyeridhika na uamuzi wa forodha anaweza kumwomba Kamishna aupitie upya, ndani ya siku 30. Hapa lipo jambo ambalo wananchi wengi hawalijui: Kamishna asipotoa jibu ndani ya siku 30 baada ya kupokea ombi, sheria inahesabu kwamba amelikubali. Na akilikataa, zipo siku 45 za kukata rufaa katika baraza la rufani za kodi.

Sasa nirudi kwenye swali la mama. Jibu lina sehemu tatu.

Kwanza, ofisa aliyekuwa na sababu ya kuridhisha na aliyefuata taratibu hulindwa na sheria, hata kama mwisho wa kesi mwenye mali ameshinda. Tuseme lori limeandikiwa saruji, nayo mizani inaonyesha uzito usiolingana na hati, na lakiri ya forodha imevunjwa. Akilizuia lori hilo, kisha ikabainika kwamba kulikuwa na maelezo halali, hajatenda kosa. Alikuwa na haki ya kutia shaka.

Pili, ofisa asiye na sababu, au aliyevuka mpaka wa madaraka yake, ameitupa ngao yake mwenyewe. Sura ya dereva, kabila lake, au maneno waliyorushiana jana si sababu. Aliyeonewa anaweza kufungua madai, na kwa kawaida humdai mwajiri pamoja na mtumishi. Ila kadiri kitendo kinavyokuwa mbali na kazi, na kuwa karibu na chuki au faida ya mtu binafsi, ndivyo mwajiri anavyozidi kujitenga, na mtumishi kubaki peke yake kizimbani.

Tatu, ofisa aliyepokea chochote ili afumbe macho hayumo tena katika hesabu ya kukosea. Hiyo ni jinai. Sheria ya forodha inaadhibu kuomba, kupokea na hata kukubaliana tu, na mtoaji naye ana shitaka lake. Hapa Tanzania ipo pia Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, inayogusa vilevile matumizi mabaya ya madaraka. Faini inaweza kuchangiwa na ukoo. Kifungo hakichangiwi.

Nilipomsomea mdogo wangu sehemu hizo tatu, alitabasamu. Akanieleza kwamba wakuu wake walikwisha kumfundisha jambo moja lililo juu ya yote: kuandika. Kila anapozuia mzigo huandika saa, alichokiona na kifungu anachokitumia, kabla hajagusa kamba ya turubai. Anasema kwamba asipoweza kuiandika sababu, basi hana sababu. Naliona neno hilo kuwa na hekima kubwa, kwa maana karatasi hiyo moja humlinda yeye mbele ya mahakama, na humlinda mwenye mzigo mbele yake.

Kwetu sisi tunaopita mpakani, funzo ni kama lile la New York: anayelipa bila kutia neno amejidhoofishia haki yake. Tuulize sababu kwa adabu, tudai stakabadhi, na tukipinga tupinge kwa maandishi na kwa wakati. Kupaza sauti na kutaja majina ya wakubwa hakuongezi haki hata chembe.

Lakini neno langu la mwisho ni kwa jamaa, maana wao ndio ambao sheria haiwataji na ndio wenye nguvu kuliko wote. Cheo ni dhamana, na dhamana hiyo haikuwekwa kwa ukoo. Ofisa kijana huweza kumkatalia mfanyabiashara asiyemjua bila taabu. Asiyeweza kumkatalia ni shangazi aliyemlipia karo. Tunapompigia simu atupitishie kijimzigo kidogo, hatumwombi fadhila. Tunamtaka avue mbele ya watu ngao pekee aliyopewa na sheria, kisha asimame bila kitu. Jokofu litachakaa baada ya miaka michache, bali sahihi yake itabaki ndani ya faili. Tulipe ushuru wetu, nasi tumwache atie sahihi hiyo kwa moyo mweupe.