Kipande cheupe cha kambo

Alhamisi iliyopita, kabla hatujagawa pesa ya likelemba, mwenzetu mmoja alifungua fundo la kikwembe chake akatoa kipande cheupe cha mviringo, kipana kama mdomo wa glasi, kimetobolewa kando ili kipitishwe kamba. Aliachiwa na mama mkwe wake, na huyo aliachiwa na kambo. Sasa mnunuzi mmoja amemtajia bei ambayo ingelipa masomo ya watoto wawili hadi mwisho wa mwaka. Mwenzetu alitaka shauri: auze, asiuze?

Sisi tukaanza kwa kubishana kitu chenyewe ni nini. Wengine mfupa, wengine pembe ya tembo, wengine sahani iliyovunjika. Binti yetu mmoja, anayesoma bioloji na kemia sekondari, alikuwa amekuja kumbebea mama yake mtoto. Alikigeuza mara mbili akasema: "Bamama, hili ni gamba la konokono wa bahari." Tulicheka. Konokono tunayemjua ni yule wa wakati wa mvua, anayemaliza mboga zetu.

Lakini alipoanza kueleza tulinyamaza. Kuna wanyama wa maji wenye magamba mawili yanayofunguka kama kitabu, ndio chaza. Konokono ana gamba moja tu, lililojisokota. Ncha yake ndogo kabisa ndiyo gamba la utotoni. Mnyama huanza hapo, kisha huongeza kidogo kidogo kwenye ukingo wa mdomo, duru baada ya duru, wala hatupi lile la kwanza. Duru ya mwisho ndiyo kubwa kuliko zote. Duru ndogo za juu, pamoja na ncha, binti aliziita kilele. Katikati mna nguzo ambayo duru zote huizunguka, na konokono wengi wa bahari wana kifuniko cha kufunga mlango wakishaingia ndani. Ukisimamisha gamba ncha ikiwa juu, mdomo ukikutazama, karibu kila mara mdomo utakuwa kulia.

Simbi, ambayo wengine huiita kauri, hudanganya macho. Ni konokono pia, ila akikomaa duru ya mwisho hufunika zile za utotoni, na mdomo unabaki ufa mwembamba wenye meno pande zote mbili. (Kiswahili huita kauri hata zile sahani nyeupe, na Kifaransa nacho kina neno moja kwa vyote viwili.)

Cha mwenzetu si simbi. Kinatoka kwa konokono mwenye umbo la koni, ambaye akiwa hai ana sumu, na aina fulani huweza kuua mtu. Sisi tungesema upande wake mpana ni tako. Kumbe ndio kilele. Watu walikikata, wakasugua nyuma mpaka kikawa bapa, na mstari wa duru ukabaki ukionekana. Tulikipeleka mlangoni penye mwanga. Mstari ulikuwapo, ukizunguka hadi kitone cha katikati. Mwenzetu aliweka kidole hapo: "Kumbe hapa alikuwa bado mtoto."

Nga'mbo ya mpaka, Zambia, wanakiita mpande, na kilikuwa cha wakubwa. Kutoka Kasulo hadi Bahari ya Hindi ni zaidi ya kilomita elfu moja, lakini vitu vya bahari vilifika kwetu zamani. Huko Sanga, kando ya ziwa Kisale, wataalamu waliochimba makaburi ya kale kuanzia mwaka 1957 walikuta simbi humo. Januari 1854 Livingstone alikuwa kwa chifu Shinte wa Walunda, si mbali na mpaka wetu wa leo. Shinte alimvika shingoni kipande kama hiki kuonyesha urafiki. Livingstone aliandika kwamba viwili viliweza kununua mtumwa mmoja, na vitano pembe ya tembo ya pauni 10.

Binti alitusomea hayo kwenye simu, na kelele zikaisha. Viwili, mtu mmoja. Mama mmoja, ambaye nyumba yake ilichimbwa chini mpaka sakafu ikatitia baada ya kobalti kuonekana humu kartieni mwaka 2014, alisema haoni ajabu: "Sisi tumeona jiwe likimshinda mtu bei." Mwingine alitaka kiuzwe leo leo, maana huenda kililipia binti wa watu. Mwingine akajibu kwamba ndiyo sababu kisiuzwe. Mnunuzi atakitundika ukutani, basi. Wengi wetu tulielekea upande huo. Ni rahisi kusema hivyo wakati si mtoto wako anayerudishwa nyumbani kwa deni la shule.

Likelemba ya wiki hii ilikuwa zamu ya mwingine, naye alikubali kumpisha. Masomo ya mtoto wa kwanza yamelipwa. Ya wa pili yanangojewa hadi mwisho wa mwezi, na mnunuzi amesema atarudi Jumamosi. Kipande kimerudi kwenye fundo la kikwembe.